Umeandikwa?

Mama yangu ana swali moja kwa kila mtu wa nyumba yetu anayevuka bahari. Haulizi nauli imepanda au imeshuka, wala bahari ina hali gani, wala nani atakupokea. Anapiga simu ukiwa bado bandarini na kuuliza: "Umeandikwa?" Ukijibu umeandikwa, anataka umsomee jina kama lilivyo kwenye tiketi, yote matatu, lako, la baba na la babu. Dada yangu aliwahi kukosewa herufi moja, akaona si kitu. Mama akamrudisha dirishani, foleni nzima ikimtazama.

Wageni wa nyumba wanadhani ni uzee. Sivyo. Usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I iliondoka bandari ya Malindi, Unguja, kiasi cha saa tatu, ikielekea Wete, Pemba. Kiasi cha saa saba ilizama kwenye mkondo wa Nungwi. Kaka yangu mkubwa alikuwemo. Leo naliandika neno hilo, alikuwemo, kwa wepesi. Wakati ule lilitugharimu miezi, maana jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote.

Tangu hapo nikawa mtu wa ndege. Kutoka Unguja hadi Chake ni nusu saa tu, na ukichagua kiti cha upande wa ndani huna haja ya kutazama chini. Nikiulizwa, nasema nina haraka. Mwandishi wa habari akisema ana haraka husadikiwa. Asiyesadiki ni mama. Septemba iliyopita aliniambia kwenye simu, bila ya ukali: "Wenzio wote nshawauliza. Siku ukija kwa bahari nawe unambie, nikuulize."

Basi nikakata tiketi ya boti ya Mkoani. Lakini kwanza nilikwenda Nungwi.

* * *

Gari ya 116 inapita Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, na asubuhi ile ilijaa vijana wa hotelini waliosinzia vichwa vikigonga vioo. Nungwi wanayoijua watalii ni ufuo wa vitanda vya kuotea jua. Ile nyingine lazima uulize njia. Niliuliza kwa mafundi wa vyombo, nikaelekezwa kichochoro kati ya kuta mbili za hoteli, nikatokea penye mashua tatu zilizokaa juu ya magogo, harufu ya sifa imetanda, mafundi wakisukuma pamba ya kalafati kwenye maungo ya mbao. Nyundo zilikuwa zikigonga kwa zamu kama watu wanaoitikiana.

Mzee niliyemtafuta alikuwa amekaa chini ya ubavu wa mashua ya katikati, tezo mkononi. Ni fundi na mvuvi pia, na usiku ule alitoka.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi?"

"Wa Wete."

Aliiweka tezo mchangani. "Wete," alirudia, akanisogezea kipande cha gogo nikae. Hakuuliza kilichonileta.

Alisema mlango uligongwa kabla ya adhana ya alfajiri. Mtu aliyegonga alisema neno moja tu, meli, akaenda kugonga mlango mwingine. Walitoka na kila chombo kilichoweza kuelea: mashua za uvuvi, boti za mashine, boti za wazamiaji wa hotelini. Alinionesha upande kwa kidevu. Mwezi ulikuwa mkubwa, umebakisha siku mbili tatu kutimia, lakini ulikwishalala magharibi. Walikwenda kwa taa na kwa masikio.

"Meli hatukuiona. Tuliona magodoro."

Kila mtu wa Zanzibar aliyekuwa na umri wa kusikia habari mwaka ule anayakumbuka magodoro. Meli ilipakia shehena juu ya watu na watu juu ya shehena, na katika shehena hiyo yalikuwemo magodoro ya sponji, na watu wakayapanda. Ami alisema waliwakuta kwa makundi, wanne hapa, saba kule, wameshikana mikono juu ya godoro moja lililolowa mpaka linakaribia kwenda chini.

"Walioshikana tuliwaona. Mmoja mmoja wengi walitupita. Kichwa kimoja baharini, mwanangu, ni kama nazi."

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelifikiria kuliko yote aliyosema. Usiku, taa za Nungwi zinaonekana karibu. Mtu aliye majini akiziona anazifuata, na hapo ndipo bahari inapomdanganya, maana mkondo wa pale unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi unakwenda kwa nguvu. "Anaogelea, unamrudisha. Anaogelea, unamrudisha. Mpaka mikono ikafa. Waliosalimika wengi hawakuogelea. Walishika kitu wakakaa." Watoto wa pwani tunafundishwa kuogelea tangu hatujavaa suruali. Hakuna aliyenifundisha kukaa.

Nilimuuliza walitoa watu wangapi. Alinyamaza kidogo, mafundi wawili waliokuwa karibu wakapunguza kugonga.

"Sijui. Tungehesabu nani saa ile? Mie nilihesabu safari. Safari nne." Akaokota tezo, akaifuta mchanga kwa kiganja. "Na kila tukirudi pwani askari anatuuliza bado wangapi. Na yeye hajui. Hilo ndilo lililotuchosha, si kazi. Ukijua wamebaki watano, utatafuta watano. Hujui, utaacha lini?"

Nilikwenda Nungwi nikitarajia kusikia habari za mawimbi. Nilirudi na swali hilo.

* * *

Hakuna aliyejua. Meli ile iliundwa Ugiriki mwaka 1967, na uwezo wake haukufika watu mia saba, mabaharia wakiwemo. Ilikuwa ni siku chache baada ya Idi, watu wanarudi makwao. Siku za mwanzo tulisikia kwamba ilibeba kama mia nane. Halafu waliookolewa peke yao wakakaribia idadi hiyo, na kwenye viwanja vya Maisara maiti wakawa wanazidi kuwasili, ikawa hesabu haikai. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake mwanzoni mwa 2012, ilitaja zaidi ya watu elfu mbili ndani ya meli, na kati yao maiti 203 zilizopatikana na watu 1,370 wasioonekana. Soma tena namba hizo mbili. Kwa kila aliyezikwa, karibu saba hawakuzikwa.

Nilikuwepo Maisara. Sitaeleza mengi. Watu walipanga mstari, wakapita polepole chini ya mahema, na aliyemkuta wake alitolewa pembeni. Nakumbuka nilianza kuwaonea wivu waliotolewa pembeni. Walikuja wazamiaji kutoka Afrika Kusini, lakini kina na mkondo viliwashinda, na utafutaji ukasitishwa. Sisi tulirudi Wete mikono mitupu.

Ndipo lilipoanza lile la karatasi. Kaka alinunua tiketi kwa namna walivyonunua wengi siku hizo, kwa mkono wa mtu anayemjua mtu, mlangoni, dakika za mwisho. Katika sheria yetu mtu aliyekufa ana hukumu yake, na aliyepotea ana yake. Kaka alikuwa katikati. Shemeji hakujua akae eda au amngoje mumewe. Alikuwa akikunja nguo zake, akizitandua, akizikunja tena. Mama alikuwa na ushahidi mmoja tu: jioni ile kaka alipiga simu akasema, "Nakuja na godoro." Alikuwa akihamia nyumba mpya, na magodoro ya mjini yalikuwa rahisi kuliko ya Wete.

Kadhi alitusikiliza kwa upole, akauliza linalopasa kuulizwa: nani alimuona akipanda?

Tulimpata mchukuzi wa Malindi aliyelibeba godoro. Alikumbuka godoro kuliko mwenye godoro. Kisha, baada ya wiki nyingi, tukampata kijana wa Micheweni aliyesalimika. Alisema alizungumza na kaka juu kwenye sitaha, kabla umeme haujakatika. Hakukuwa na nafasi ya kukaa, kaka akamwambia aegemee godoro lake. Kijana huyu aliokolewa juu ya godoro pamoja na wenzake watatu. La nani, hakujua. Wengi waliniambia bila shaka ni lile. Najua ninalotaka liwe, na najua siwezi kuliapia.

Ushahidi ulitosha. Shemeji akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Msikitini kwetu akasaliwa sala ya ghaibu, na imamu akatukumbusha kwamba aliyekufa kwa kuzama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Mama alilia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Aliniambia baadaye kwamba kabla ya hapo hakuwa na ruhusa.

* * *

Malindi ya leo si ile. Dirishani niliombwa kitambulisho, jina likapigwa kwenye kompyuta, tiketi ikatoka na majina yangu matatu. Mizigo inapita kwenye mashine. Mlango wa kuingilia botini una baharia mwenye kidude cha kuhesabia, anakibonyeza kwa kidole gumba kila mtu anapopita. Simu ikaita nilipokaa tu, kama vile mama alikuwa ananiona.

"Umeandikwa?"

"Nimeandikwa, mama." Nikamsomea.

Akavuta pumzi. "Haya. Jaketi liko wapi?" Hilo ni swali la pili, jipya kwangu. Nikapapasa chini ya kiti nikalipata, kamba zake zimefungwa fundo kavu la miaka. Nilikaa nikilifungua mpaka kucha ikauma. Jirani yangu, bwana mmoja wa makamo mwenye kofia ya kiua, alinitazama kwa namna watu wanavyomtazama mwenye hofu ya ndege, kisha akainama akatafuta lake. Chini ya kiti chake hapakuwa na kitu. Alikwenda kulidai kwa baharia, akaletewa kutoka kabatini.

Karibu na mlango alisimama mama mmoja kijana, tiketi mbili mkononi, mtoto wa kiasi cha miaka sita pembeni na mchanga mgongoni, wa kike, fulana ya manjano. Baharia alibonyeza kidude mara mbili. Mtoto wa mgongoni hakubonyezewa, kwa kuwa halipiwi, na wala jina lake halikuwa kwenye tiketi yoyote. Niliona. Nilikuwa hatua tatu tu. Nikajiambia si kazi yangu, nikajiambia pengine wamemwandika kwingine, nikajiambia nitamtia mama wa watu hofu ya bure. Boti ikang'oa.

Saa nzima ya kwanza unapita kivulini mwa Unguja, bahari imetulia, televisheni inaonyesha filamu ya Kihindi. Kabla ya filamu ilioneshwa kanda fupi ya namna ya kuvaa jaketi. Nilihesabu waliokuwa wakiitazama: mimi, bwana wa kofia ya kiua, na mtoto wa miaka sita. Tumbatu ikapita kulia. Mabaharia wakaanza kugawa mifuko ya kutapikia, na mtu asiyejua bahari hii anadhani ni mapema. Halafu ncha ya Unguja inakwisha, kusi inaikuta boti ubavuni, na abiria wote wanatoa sauti moja ndogo.

Nilitoka nyuma kupata hewa. Baharia mmoja mtu mzima alikuwa amesimama pale akizikagua kamba, na kwa kuwa nilikuwa nimeshika mlingoti kwa mikono miwili alinionea huruma akaanza kuzungumza. Nilimuuliza meli kubwa kama Spice Islander huzamaje na bahari siku hiyo haikuwa ya tufani.

"Unajua sinia?" alisema. "Tia maji kidogo kwenye sinia, libebe. Sinia likiinama kidogo, maji yote yanakimbilia huko, na mkono wako unafuata. Meli ya magari ndani ni sinia. Ukumbi mmoja mrefu, hauna kuta za kuyazuia maji." Akaendelea kwa mtindo wa mtu aliyekwisha kulieleza mara nyingi. Shehena ikijaa juu na chini kusiwe na farumi ya kutosha, meli inakuwa na kichwa kizito. Ikiwa imekalia maji mno, milango yake inakaribiana na wimbi. Mashine ikizimika, haiwezi tena kulikabili wimbi kwa omo, inageuka yenyewe ikakaa ubavu. "Hapo tena sinia limeshainama. Watu wanakimbilia upande wa juu, au wa chini, wote kwa pamoja, na watu nao ni maji."

Nilimtaja mwenzetu wa ziwani, MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, iliyopinduka ikiwa inaikaribia gati ya Ukara, nchi kavu inaonekana, abiria wamejazana upande mmoja kujiandaa kushuka. Watu 228 walikufa kwenye kivuko kilichosajiliwa kubeba kama mia moja. Akaitikia kwa kichwa. Yeye akanikumbusha MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ilipokuwa imepinduka karibu na Mwanza na watu wakawa wanasikika wakigonga kutoka ndani. Kwa nia njema kabisa likatobolewa tundu, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, na meli ikaenda chini. "Roho ilikuwa nzuri," alisema, "lakini elimu haikuwepo."

"Na jaketi?" niliuliza.

"Jaketi lijue lilipo, na likutoshe. Mtoto ana lake, la mkubwa linamtoka kichwani. Na ukiwa ndani na maji yanaingia, toka nalo mkononi ulivae nje. Ukilivaa ndani maji yakajaa, litakubandika darini, mlango uko chini yako na huwezi kuufikia." Alisema haya akinionesha kwa kiganja, kiganja kikienda juu kikagusa dari isiyokuwepo. Akaongeza, akicheka kidogo, kwamba abiria wengi humuuliza choo kiko wapi na hakuna anayemuuliza mlango wa pili uko wapi.

Nilimuuliza tumefika wapi. Akatazama nyuma, akatazama mbele.

"Hapa hapa," alisema.

Miaka yote nilidhani nitapajua mwenyewe. Nilidhani maji yatakuwa na rangi yake. Yalikuwa maji ya kusi ya kila siku, ya buluu nzito, mapovu meupe juu, na boti haikupunguza mwendo. Nilisoma Fatiha, nikataka kusoma Yasini nikakuta nusu yake imenitoka, nikaanza tena. Baharia alivua kofia. Hakuniuliza nani. Watu wa bahari hii hawaulizi, kila mmoja ana wake. Nilipomaliza tulikuwa tumeshapita mbali, Pemba imejitokeza kama mstari wa kijani, na nilihisi njaa, njaa ya kweli, jambo lililonifedhehesha kidogo.

Ajali ile haikuwa ya mwisho, hilo nalo halina budi kusemwa. Miezi kumi tu baada ya Spice Islander, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe mchana kweupe, ikitoka Dar es Salaam, boti iliyokuwa ikivusha abiria katika maji ya ndani ya Seattle, Marekani, kabla ya kuletwa kukutana na kusi yetu ya Julai. Waziri wa Zanzibar aliyehusika na usafiri akajiuzulu. Serikali ikanunua meli mpya, MV Mapinduzi II, iliyoundwa Korea Kusini kwa abiria 1,200 na kupokelewa Desemba 2015. Vyombo vipya nimeviona, kompyuta nimeziona, kidude cha kuhesabia nimekiona. Nayasema haya yote bila dhihaka. Lakini kule mlangoni niliona pia kidole gumba kikikataa kubonyeza mara ya tatu, na sikusema neno.

* * *

Kutoka Mkoani hadi Wete barabara inapanda na kushuka kama nguo iliyokunjwa. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia, wanawake wakizigeuza kwa miguu, na harufu yake ikaingia garini kabla hatujaona jamvi lenyewe. Kaka alikuwa akisema ukifunga macho popote Pemba unajua ni mwezi gani.

Mama alikuwa barazani. Umri umempunguza kimo. Nilimwamkia, akanishika kichwa, akaninusa kama anavyofanya tangu utotoni, akasema, "Una chumvi." Ndege haimwachii mtu chumvi.

Tulikula. Jioni alileta daftari. Nilijua lipo lakini sikuwahi kulifungua, maana mama huandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni, na mimi nazisoma polepole. Ni daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila safari ya kila mtu wa nyumba yetu imo: jina, siku, chombo, na pembeni safu mbili, moja ya kutoka na moja ya kufika. Wajukuu wamo. Shemeji yumo, pamoja na mume wake wa pili. Safari zangu za ndege nazo zimo zote, ingawa hakuwahi kuniuliza.

Nikafungua ukurasa wa mwanzo. Mstari wa kwanza ni wa kaka, majina yake matatu, tarehe, jina la meli. Kwenye safu ya kutoka: Malindi. Nilisogeza taa. Kwenye safu ya kufika palikuwa pameandikwa, kwa wino tofauti, wa baadaye: Nungwi.

"Niliandika siku ya ghaibu," alisema mama. "Kwanza nilikuwa nimepaacha."

Sikujua la kusema, basi nikamweleza habari za mtoto. Nilitaka tu kuvunja kimya. Nilimweleza kidude, kidole gumba, fulana ya manjano, na mimi nilivyokaa hatua tatu nikitafuta sababu.

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mama."

Hakunigombeza. Alilivuta daftari, akapekua mpaka kwenye ukurasa wa karibuni, chini ya mstari wangu wa asubuhi ile, akachukua kalamu.

"Jina lake?"

"Sikulijua."

Akaandika polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, akitamka: mtoto wa kike, mgongoni, fulana ya manjano. Malindi. Kisha akainua uso.

"Mkoani ulimuona akishuka?"

"Nilimuona. Alikuwa kalala."

Akaandika.